Pikipiki mpya inalia wiiiii? Tafuta kwanza hiyo sauti inafuata nini

Pikipiki ya zamani ikilia unasema imechoka, unaendelea na safari zako. Mpya ikilia hulali. Yangu ilianza ikiwa na kilomita kama 280 tu, inatoka freshi kabisa, nikifika spidi 40 hivi inaanza wiiiii nyembamba kama mbu kajifungia ndani ya helmeti, nikifika 60 ndo inaimba kabisa, nikiachia mafuta inabadilika kidogo lakini haiishi. Fundi wa kwanza akasema ni oili. Wa pili akaisikiliza sekunde kumi ikiwa imesimama, akaniambia tufungue injini. Injini ya kilomita 280! Nikamwambia ngoja kwanza, nikarudi nayo nyumbani nikaanza kuitafuta mwenyewe taratibu, na mwisho wa siku ikaja kuonekana ni kazi ya spana mbili na nusu saa. Nitaifikia hiyo.

Kosa la wale mafundi wawili, na langu pia siku za mwanzo, ni kukimbilia kuuliza kifaa gani kimekufa. Hilo ni swali la mwisho. Cha kwanza uliza hii sauti inafuata nini: inafuata mzunguko wa injini, inafuata mwendo wa tairi, au inafuata mzigo, yaani inatoka ukivuta mafuta na ukiachia inageuka au inapotea. Ukishajua hilo tu umeshafuta nusu nzima ya pikipiki kwenye orodha ya watuhumiwa na hujashika hata spana.

Jaribio la gia mbili

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu wala magari. Nenda spidi 50 kwa gia ya tatu, itulize hapo hapo, sikiliza sauti ni nyembamba kiasi gani, hata uiimbe kimoyomoyo ili uikumbuke. Alafu panda gia ya nne, rudi kwenye 50 ile ile. Tairi linazunguka vile vile kama mwanzo ila injini sasa inazunguka taratibu zaidi. Kama sauti imeshuka ikawa nene, basi inafuata injini. Kama imebaki ile ile uliyokuwa unaiimba, inafuata tairi, na hapo unaongelea cheni, sproketi (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni), beringi za tairi, breki, gia ya spidimita au tairi lenyewe, achana kabisa na mambo ya kufungua injini.

La pili ni klachi. Ukiwa kwenye mwendo ule ule bana klachi uachie mafuta, injini ishuke chini yenyewe, pikipiki iendelee kuserereka. Sauti ikikata palepale, iko upande wa injini, au iko kwenye gia zinazolia zikibeba mzigo tu. Ikiendelea kama hakuna kilichotokea, basi ni huko nyuma au mbele kwenye tairi. Usizime injini ukiwa kwenye mwendo eti usikie vizuri, kuna watu wanafanya hivyo na switi ikikosea kidogo usukani unajifunga, klachi inatosha.

Alafu kuna jaribio la kusimama. Weka nyutro, injini inaunguruma yenyewe bila mafuta, sikiliza, bana klachi, sikiliza, achia, sikiliza. Kama kuna mvumo unaopotea ukibana klachi na kurudi ukiachia, hiyo ni shafti ya kwanza ya giaboksi na beringi zake, maana ukibana klachi shafti hiyo inapumzika. Kidogo tu ni kawaida kwa pikipiki nyingi, ikiwa ni ngurumo ya kusaga hiyo sio kawaida. Kama ni kinyume chake, sauti inakuja ukibana na inaondoka ukiachia, angalia ile beringi ndogo inayosukuma klachi.

Na andika. Serious, chukua simu uandike: spidi ngapi, gia ya ngapi, ulikuwa unavuta au umeachia, injini ya baridi au imeshapata moto. Ukimpelekea fundi maneno kama "inalia tu" atakupa jibu la "ni oili tu".

Sauti ambazo ni za kuzaliwa nazo

Hapa ndo wengi wanapoteza usingizi bure. Giaboksi za pikipiki kwa sehemu kubwa zinatumia gia za meno yaliyonyooka, sio meno ya mshazari kama gia za kwenda mbele kwenye magari. Meno ya mshazari yanakutana kidogo kidogo, jino linaanza kushika upande mmoja linamalizia upande mwingine, kwa hiyo yanapita kimya. Meno yaliyonyooka yanakutana upana wote kwa mara moja, pa pa pa pa, na yakifanya hivyo mamia ya mara kwa sekunde sikio linasikia wiiiii. Umewahi kusikia gari la gia za mkono likirudi rivasi linavyolia? Ni kitu hicho hicho, rivasi kwenye magari mengi ya hivyo ni meno yaliyonyooka. Sasa pikipiki yako iko hivyo kwenye karibu kila gia, na mara nyingi hata ile gia kubwa inayotoa nguvu kwenye injini kuipeleka kwenye klachi nayo ni ya hivyo.

Kwa hiyo mlio mwembamba, laini, usio na mikwaruzo, unaosikika zaidi ukiachia mafuta au ukiwa gia ya kwanza na ya pili, mara nyingi ndo sauti yenyewe ya pikipiki. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kupata nyingine ya modeli hiyo hiyo, uombe kuizungusha kidogo au hata kusimama pembeni mwenzio akipita. Kama nazo zinalia hivyo hivyo, tulia. Ila ikilia gia moja peke yake, labda ya nne tu na zingine zote kimya, hiyo andika na uipeleke, maana pea moja ya gia inaweza kuwa na tatizo lake.

Zingine za kawaida nazipitia haraka. Pikipiki ya injeksheni ukifungua switi inasikika nnnnn sekunde mbili tatu alafu inakata, hiyo ni pampu ya mafuta inajaza presha, na tangi likiwa karibu kuisha inasikika zaidi kwa sababu mafuta yenyewe ndo yanaipoza na kuizima kelele. Yenye ABS, ile breki inayozuia tairi kujifunga, inaweza kutoa mkwaruzo mfupi ukianza kuondoka tu, inajikagua. Yenye rejeta, feni inaweza kuendelea kuvuma hata ukishazima. Tairi za vipira vikubwa vya matope zinavuma kwenye lami, zinavuma zaidi ukikimbia zaidi, na lami ikibadilika sauti nayo inabadilika, hicho ndo kipimo chake. Na breki pedi mpya zinaweza kupiga kelele kidogo mpaka zikae sawa na diski.

Upepo nao usiudharau. Nimekaa wiki nzima nasikiliza mluzi wa spidi 70 nikidhani ni kitu cha maana, kumbe ni tundu la hewa la helmeti nililoliacha nusu wazi. Geuza kichwa kidogo ukiwa kwenye mwendo, sauti ikibadilika tu kwa kugeuza kichwa huo ni upepo. Kama unahisi ni sait mira au kioo cha mbele, bandika teipu kwenye zile nafasi uende tena.

Cheni, mshukiwa namba moja

Kwenye pikipiki mpya mi naanza hapa siku zote. Pikipiki nyingi zinafika kwa muuzaji zikiwa kwenye boksi, tairi na usukani vinafungwa hapo hapo, na aliyefunga ana zingine tano zinamsubiri. Cheni akiiona inaning'inia anaona aibu kumkabidhi mteja kitu kilicholegea, anaikaza mpaka ikae kama waya wa gitaa. Ya kwangu ndo ilivyokuwa.

Pima hivi. Zima injini, toa funguo kabisa, weka nyutro. Angalia stika kwenye suingiamu, ule mkono mrefu unaoshika tairi la nyuma, au fungua kitabu, utakuta cheni inatakiwa icheze kiasi gani na pikipiki iwe kwenye stendi ipi wakati wa kupima. Pikipiki nyingi za barabarani inakuwa kama milimita 25 hadi 35, za matope huwa zaidi, lakini fuata ya kwako usifuate ya jirani. Shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, sukuma juu kwa kidole mpaka ikaze, vuta chini mpaka ikaze, weka rula pembeni usome tofauti. Alafu sukuma pikipiki mbele kidogo, pima tena sehemu nyingine, rudia mara nne tano mpaka cheni nzima imepita, maana cheni haikazi sawa kote, kuna sehemu inakuwa imekaza kuliko zingine na hiyo ndo unayoitumia kuseti.

Yangu stika inasema 25 hadi 35. Rula ikasoma 9.

Na hiyo ni ikiwa tupu, bila mtu. Watu hawaelewi hapa: ukikaa, shokabu zinabonyea, suingiamu inapanda, na kuna pointi ambayo sproketi ya mbele, boliti kubwa ya suingiamu na ekseli ya nyuma zinakuwa kwenye mstari mmoja. Hapo ndo umbali wa sproketi mbili unakuwa mrefu kuliko wakati wowote, na cheni inakaza kuliko wakati wowote. Kama ilishakaza ukiwa hujakaa, ukipiga tuta na abiria nyuma inavutana na chuma. Kila pini inaingia kwenye jino kwa nguvu, ndo wiiiii inazaliwa, na anayeumia sio cheni peke yake, ni beringi ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, sili yake ya oili, na beringi za tairi la nyuma. Cheni iliyolegea kidogo inapiga kelele za kuchapa chapa lakini haikuharibii giaboksi. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa kulegea, kidogo lakini.

Kuirekebisha: legeza nati ya ekseli, legeza boliti za kuvutia cheni pande zote mbili kwa kipimo kile kile, robo mzunguko kulia, robo mzunguko kushoto, sukuma tairi mbele likae, pima. Ukifika kwenye kipimo hakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, ila usiziamini sana hizo alama, kwenye baadhi ya pikipiki zimepigwa kihovyo. Bora upime kwa rula au kamba kutoka katikati ya boliti ya suingiamu mpaka katikati ya ekseli, pande zote mbili. Tairi likikaa mshazari cheni inasugua meno ya sproketi upande mmoja, nayo inalia, na utaona upande mmoja wa meno unang'aa kuliko mwingine. Kaza nati ya ekseli kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, pima tena cheni baada ya kukaza maana huwa inajivuta kidogo wakati wa kukaza, na kama nati ina pini ya usalama weka pini mpya. Kisha angalia pedali ya breki ya nyuma, kama ni ya dramu inaweza kuwa imebadilika kwa sababu tairi limesogea.

Wakati wote huu tairi lizungushwe kwa mkono. Usiweke gia injini ikiwa inawaka ili cheni izunguke yenyewe uipake oili, vidole vinaingia kati ya cheni na sproketi kabla hujajua, na havirudi. Ninamfahamu mmoja.

Kama kipimo kiko sawa na bado inalia, angalia ukavu. Cheni mpya huja na grisi yake ya kiwandani lakini mvua na kuoshwa kwa presha vinaiondoa nje. Safisha, paka oili ya cheni upande wa ndani, iache ikae kabla ya kuondoka. Sauti ikipungua baada ya kupaka alafu ikarudi baada ya siku chache, umeshapata jibu lako.

Baada ya kuseti yangu kwenye 30 nikaenda kuijaribu. Ile ya mbu ikaisha. Ikabaki nyingine nyembamba zaidi, chini chini, ukiachia mafuta gia ya pili. Nikafanya jaribio la gia mbili, inafuata injini na mzigo, meno yaliyonyooka hayo, nikaachana nayo. Kwa hiyo usishangae kukuta sauti mbili zimepandana, ukiondoa kubwa ndo unaisikia ndogo.

Tairi, beringi na breki

Inua tairi moja moja, kwa stendi ya katikati au kitu imara chini, mwenzio ashikilie. Zungusha kwa mkono. Linatakiwa lizunguke mizunguko kadhaa, unaweza kusikia shhh nyepesi ya pedi kugusa diski na hiyo haina shida. Likikwama mapema breki zinabana. Nenda kilomita chache ukitumia breki kidogo sana, simama, tone la maji kwenye diski, likichemka pale pale hiyo breki haiachii. Usiguse kwa kidole. Kwa breki za dramu mara nyingi ni ile nati ya kurekebisha imekazwa kupita kiasi, na hilo ni jambo la dakika mbili. Breki ya diski ya mbele ikibana pikipiki usiiendeshe, peleka.

Beringi ya tairi haipigi mluzi mwembamba sana, inavuma, vuuuuu, na ukilalia kona ya kulia au kushoto mvumo unabadilika. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta, kusiwe na kucheza hata kidogo. Kama spidimita yako ni ya kebo inayotoka kwenye tairi la mbele, ile gia ndogo pale ikikauka grisi inalia kwa sauti ya kukera haswa na sindano inaweza kutetemeka. Fungua, safisha, grisi kidogo, funga.

Kama inafuata injini

Kwanza oili, pima pikipiki ikiwa wima kabisa kwenye sehemu tambarare, injini imezimwa dakika chache, kwa njia ya kitabu, maana fimbo zingine unazikaza zingine unaegesha tu. Usiweke oili nzito ili kuficha kelele, utaficha kelele na tatizo pamoja. Kwa klachi inayokaa ndani ya oili tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi za hivyo.

Baada ya hapo chukua bisibisi ndefu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ncha kwenye mfuniko wa injini, injini inaunguruma. Weka upande wa klachi, upande wa jenereta, juu kwenye kichwa cha injini, mbele. Utashangaa jinsi sauti inavyojitenga. Kaa mbali na cheni, feni na ekzosi. Mlio unaotoka juu upande wa cheni ya taimingi, ile ndogo ya ndani ya injini, unaweza kuwa tenshena (kifaa kinachoikaza) imekaza kupita kiasi, ikilegea inagonga badala ya kulia. Mluzi wa hewa karibu na kabureta au pale injini inapovuta hewa, na injini inaunguruma juu juu bila kutulia, hiyo ni raba au gasketi inayovuta hewa ya pembeni, angalia klipu zimekazwa. Na ukiachia kitufe cha stata mlio wa stata ukaendelea, zima hapo hapo.

Ila kufungua mifuniko ya injini ikiwa kwenye waranti, usifungue. Cheni, breki, oili, klipu, hivyo shughulika navyo. Cha ndani ya injini rekodi kwa simu ikiwa imesimama, na ukiwa kwenye mwendo weka simu ndani ya jaketi upepo usiimeze sauti, andika kilomita za siku hiyo, peleka kabla ya sevisi ya kwanza na hakikisha wanaliandika kwenye karatasi ya sevisi, sio la mdomo. Wakimwaga oili kaa hapo uangalie. Vumbi linalong'aa kidogo kwenye oili ya kwanza ni la gia na pete kukaa sawa, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole sio.

Acha kuiendesha kabisa kama sauti imekuja ghafla ikiwa kubwa, kama gia inaruka yenyewe, kama tairi linacheza ukilisukuma, kama breki ya diski ya mbele inabana, au kama kuna harufu ya kuungua pamoja na mlio. Ipakie kwenye gari. Zingine zote unaweza kwenda nazo taratibu huku unaandika, na baada ya kugusa nati ya ekseli, pita kilomita 50 alafu uipime tena cheni. Yangu baada ya kilomita 50 ilisoma 32.